Mafuta ya Ijumaa

Ukitaka kuijua Buyenzi, mtaa wetu wa gereji hapa Burundi, njoo siku ya Ijumaa asubuhi. Siku nyingine utakuta vumbi, kelele za nyundo na moshi wa magari. Ijumaa utakuta watu wanasugua. Wanasugua sakafu, wanasugua spana, wanasugua mikono yao mpaka ndani ya kucha. Adhuhuri mafundi wanakwenda msikitini, na hakuna fundi anayependa kuacha nyuma yake gereji chafu. Kwetu usafi si mchezo.

Mimi naitwa Nura. Wengi wananiita Mama Zayd. Mume wangu ni Azzan, fundi wa moteri, injini za magari. Gereji yake iko mbele, nyumba yetu iko nyuma, uwanja ni mmoja. Haya ninayowasimulia yalitokea wakati wa vita, mwaka 2002. Siku zile mtu akiamka anauliza kwanza njia gani imefungwa, halafu ndiyo anasalimia. Vipuri vilikuwa adimu na magari yote yalikuwa mazee. Yaliharibika kila wiki. Kwa hiyo Azzan alipata kazi, na sisi tulipata kula.

Basi, kila Ijumaa ilikuwa hivi. Azzan anakusanya mafuta meusi yote ya wiki, yale yanayotolewa ndani ya moteri. Mafundi wanayaita vidanje. Anayamwaga katika tundu la uwanja, na tundu hilo linaingia katika bomba kubwa la maji machafu la mji. Anafuatisha maji ya moto. Halafu anamwaga sabuni ya unga bila huruma, utadhani anafua mashuka ya arusi. Mafundi wanashika mafagio. Povu jeusi linashuka tunduni, linapotea. Sakafu inang'aa.

"Umeona, Mama Zayd?" ananiambia. "Hapa chini unaweza kulia wali."

"Kula wewe," namjibu. "Mi nitakula kwenye sahani."

Wala hakuwa peke yake. Jirani yetu Massoudi, mwenye gereji ya upande wa kushoto, alifanya vile vile. Na jirani wa Massoudi, na jirani wa jirani yake. Mtaa mzima, asubuhi ile ile, kwa sababu ile ile.

Sasa Ijumaa moja Azzan alikuwa amekwisha vaa kanzu yake nyeupe. Alikwenda bafuni kutia udhu. Mara nikasikia sauti.

"Nura! Nura we! Njo uone!"

Nilikimbia. Tundu la bafuni, ambalo kazi yake ni kumeza, lilikuwa linatapika. Maji mazito, meusi, yenye mafuta, na ndani yake mambo mengine ambayo siyataji maana labda unasoma huku unakula. Kanzu ya Azzan ilikuwa imelowa mpaka magotini.

"Yarabi! Najisi ndani ya nyumba! Na siku ya Ijumaa!"

Nilitaka kucheka. Sikucheka, kwa sababu yale maji yalikuwa yanaelekea jikoni kwangu.

Azzan alibadili nguo, akaenda kutia udhu msikitini. Aliporudi alichukua chuma kirefu ili azibue bomba nje, barabarani, kwenye lile shimo lenye kifuniko cha chuma. Akakuta kifuniko kimekwisha funguliwa. Mwanamke alikuwa amepiga goti pale, amevaa mabuti ya mpira na glavu ndefu. Alikuwa anavuta kutoka shimoni mabonge meusi ya mafuta, mchanga na sabuni vilivyoshikana.

"Amahoro," alisalimia.

"Amahoro, madamu," Azzan alijibu. "We ni nani?"

"Naitwa Daphrose. Ni fundi wa kituo cha kusafisha maji machafu, kule Buterere. Iyi parseli, nyumba na uwanja yote, ni ya nani?"

"Yangu."

"Basi ni we nilikuwa natafuta. Mafuta ndiyo imenileta mpaka kwako. Nimeanza kule kituoni asubuhi. Nafungua kifuniko, naangalia. Njia ikigawanyika, nafuata upande wenye mafuta. Bomba imezibwa hapa kwenu, ndiyo sababu uchafu inarudi ndani ya nyumba."

Azzan hapendi kuambiwa kosa barabarani, mbele ya mafundi wake. Alivimba.

"Madamu, inchi iko vitani. Watu wanakufa. Na we unafuata mafuta?"

Daphrose alivua glavu moja, akapangusa jasho.

"Muzee, anayepigana na asiyepigana, wote wanaenda chooni. Ile maji lazima iende mahali."

Mafundi waligeuza nyuso. Nilijua wanacheka.

Niliwaletea chai, maana hata ugomvi unahitaji chai. Tukakaa kivulini ndani ya gereji, na Daphrose akatueleza sheria.

"Maji ya nyumbani, ya kuoga, ya kufulia, ya choo, inaruhusiwa kuingia katika bomba ya mji. Lakini gereji si nyumba. Machinjio si nyumba. Kiwanda ya sabuni si nyumba. Wenye kazi ya namna hii, sheria inasema wasafishe maji yao kwanza, pale pale kwao, mbele ya kuyaachilia. Mafuta inabaki kwako. Asidi ya betri inabaki kwako. Bomba ya mji inapokea maji tu."

"Na nani anaangalia?" Azzan aliuliza.

"Mi. Nina ruhusa ya kuingia, kuchota maji yako kwenye chupa na kuyapima."

"Na nikikataa?"

"Sikamati mutu. Nafunga bomba yako. Na gereji isiyo na bomba haina ruhusa ya kufanya kazi. Sheria inakupa mwezi moja ya kutengeneza."

Ile gereji ndiyo ilikuwa unga wetu, mafuta yetu ya kupikia, karo ya watoto wetu. Ikifungwa, Azzan atafanya kazi gani katika mji uliozungukwa na vita? Nilimtazama mume wangu.

"Bomba inaenda Buterere," alisema kwa hasira. "Buterere kuna nini? Matope na mashamba ya mupunga! Mafuta yangu kidogo inamuumiza nani kule?"

"Njo uone," Daphrose alisema. "Ijumaa ijayo, kisha swala. Mchana njia iko salama, na kwenye bariyeri ya barabarani askari wananijua."

"Na mi naenda," nikasema.

"We unaenda kufanya nini?" Azzan akaniuliza.

"Uchafu uliingia jikoni kwangu. Nataka kujua kwake ni wapi."

*

Ijumaa ile mtaa ulisugua na kumwaga kama kawaida, na baada ya swala tulikwenda. Kwanza, ukifika, unasikia harufu. Nilishika mtandio wangu puani. Maji ya mji mzima yalikuwa yanaingia pale kwa mfereji mmoja wa saruji. Meusi, yanavuma. Nilifikiri: humo yamo maji yangu ya kuoshea vyombo, yamo na maji ya mkubwa fulani mwenye nyumba ya ghorofa, na hakuna anayejua yapi ni ya nani.

Daphrose alituonyesha vyuma vilivyosimama katika mfereji, vimepangwa karibu karibu. Vinashika vitu vikubwa: matambara, ndala, chupa. Nilichungulia kuona kama kijiko changu kilichopotea kimo.

Kisha tulipanda juu ya ukingo wa udongo. Pale nikaachia mtandio. Mbele yetu kulikuwa na bwawa. Na nyuma ya bwawa, bwawa jingine. Na nyuma yake tena. Mabwawa makubwa, yametulia chini ya jua, mpaka unaona milima ya Kongo imekaa ndani ya maji.

Azzan aligeuza kichwa huku na huku. Alikuwa anatega sikio. Fundi wa moteri, popote aingiapo, anasikiliza kwanza.

"Moteri iko wapi?" akauliza.

"Ya nini?"

"Ya kusafisha! Maji ya mji mzima, haiwezi kujisafisha bure. Umeficha wapi moteri?"

Daphrose alinyoosha kidole juu.

"Ile pale. Jua. Na upepo. Na vidudu."

"Vidudu gani?"

"Vidogo sana, huvioni kwa macho. Katika tone moja viko vingi kuliko watu wa Burundi yote. Chakula yao ni uchafu wetu. Hapa bwawa ya kwanza, uchafu mzito inashuka chini, na vidudu vya chini vinaula. Uone yale mapovu madogo? Ni kazi yao. Bwawa ya pili iko kijani. Ule ukijani ni majani madogo sana, kama unga. Jua ikipiga, yanatoa hewa ndani ya maji. Vidudu vya pale vinapumua ile hewa, vinakula uchafu iliyobaki. Bwawa ya tatu, jua inaua magonjwa. Hakuna dawa tunatia. Hakuna gazoli. Hakuna kelele."

Tulitembea juu ya ukingo. Kila tulivyoendelea harufu ilipungua. Kwenye bwawa la pili ilikuwa harufu ya majani tu. Kwenye bwawa la tatu hakukuwa na harufu. Upepo ulikuwa unakunja maji. Ndege walikuwa wamejaa, yangeyange weupe, bata maji, na wengine wenye miguu mirefu ambao siwajui majina. Walikuwa wanakula, wanaoga, wanagombana. Nilisimama mdomo wazi. Maisha yangu yote nilikuwa namwaga maji tunduni, na kwangu tundu lilikuwa mwisho wa habari. Kumbe habari ilikuwa inaanza.

Daphrose alichota maji kwa bilauri mahali yanapotoka kwenda ziwani. Akampa Azzan.

Azzan aliinua bilauri juu ya jua. Akanusa. Akanusa tena. Alisoma chuo cha dini utotoni, na anajua vizuri namna ya kuyachunguza maji kabla ya kutia udhu: rangi, harufu, ladha.

"Rangi imerudi," alisema polepole. "Harufu imekwenda."

"Usionje," Daphrose akawahi. "Si ya kunywa! Lakini ziwa inaweza kuyapokea. Na sisi pia sheria inatushika, muzee. Kila wakati maji yanapimwa hapa, mbele ya kuingia ziwani. Yakitoka chafu, kituo chetu ndiyo inaulizwa. Ile ziwa tunakunywa, na mukeke, samaki tunakula, inatoka mule."

"Subhanallah," alisema Azzan. Hakulisema kwa haraka kama anavyolisema gari likiwaka. Alilisema chini chini. "Subhanallah. Moteri ya jua."

Mimi nililia kidogo. Sioni haya kusema. Miaka ile tulikuwa tumezoea kuona vitu vikiharibiwa. Nyumba, madaraja, watu. Na hapa, mahali penye matope, pembeni ya mji, kitu kibaya kuliko vyote kilikuwa kinafanywa kizuri, kila siku, bila mtu kujua.

"Sasa turudi kule mbele," Daphrose alisema. "Saa yenu imekaribia."

"Saa yetu gani?" nikauliza.

"Ngojeni."

Tulisimama kwenye mfereji wa kuingilia. Maji yalikuwa meusi kama mwanzo. Kisha yakaja na rangi nyingi, rangi za kuchezacheza juu. Kisha povu. Kisha yakaja mafuta yenyewe, mazito, mapana, yanang'aa. Na harufu yake niliijua. Ni harufu ya mashati ninayofua kila Jumapili.

Mafuta yaliingia katika bwawa la kwanza, yakatanda. Yalifanya ngozi juu ya maji. Yale mapovu madogo hayakuonekana tena. Ndege wawili waliokuwa pembeni waliruka, wakaenda zao.

"Mafuta ya Ijumaa," alisema Daphrose. "Wafanyakazi hapa ndivyo wanayaita. Zamani tulifikiri ni kiwanda fulani inamwaga kwa siri mwisho wa juma. Tumetafuta kiwanda tukachoka! Mi ni Mukatoliki, sikufikiri swala ya Ijumaa. Halafu Ijumaa moja nilipita Buyenzi asubuhi, nikaona watu wote wanasugua. Ndiyo nikaelewa, na Ijumaa iliyofuata nikafuata bomba."

"Tunasafishaka kwa ajili ya Mungu," Azzan alisema. Sauti yake ilikuwa ndogo.

"Najua, muzee. Na mi naheshimu. Lakini nyinyi wote munasafisha asubuhi moja, na yote inanifikia mara moja. Mafuta ikifunika maji, jua haiingii, hewa haiingii. Vidudu vinakufa. Jumamosi tunachota mafuta kwa ndoo. Maji inaanza kupona polepole. Ikikaribia kupona, Ijumaa imefika tena. Juma moja mafuta itazidi, na bwawa yote itakufa. Siku ile uchafu wa mji mzima utapita hapa kama ulivyo, mpaka ziwani."

Tulipokuwa tunarudi, kwenye bariyeri askari alipomuuliza Azzan anatoka wapi, alijibu, "Kuona kazi ya Mungu." Askari alimtazama, akamwacha apite.

*

Kesho yake Daphrose alikuja kutuchorea shimo la kunasa mafuta. Alichora mavumbini kwa ncha ya spana. Ildephonse, mwashi wa mtaa wa pili, alisimama anafuata kwa macho.

"Shimo moja, vyumba tatu," alisema Daphrose. "Chumba ya kwanza, maji inaingia, inatulia. Mchanga na vyuma vidogo inashuka chini. Chumba ya pili, mafuta inapanda juu, maji inabaki chini. Mafuta siku zote iko juu ya maji, hata ndani ya sufuria ya Mama Zayd. Kwa hiyo ukuta wa kwenda chumba ya tatu, acha mlango chini kabisa, si juu. Maji itapita kwa chini. Mafuta haiwezi kushuka, itabaki. Chumba ya tatu, unapata maji bila mafuta. Yale ndiyo yanaingia katika bomba ya mji."

"Na vifuniko," akaongeza Ildephonse. "Watoto wasitumbukie."

"Na vifuniko. Na muzee, vidanje usimwage kabisa, hata katika iyi shimo. Vidanje inaingia katika pipa. Kuna lori yenye ruhusa inapita kuyachukua. Shimo ni kwa yale kidogo inadondoka sakafuni. Na mafuta ikijaa chumba ya pili, unachota, unatia katika pipa."

Walichimba. Massoudi alikuwa anachungulia juu ya ukuta.

"Azzan anachimbia mafuta kaburi!" alipiga kelele. "Tutakuja kuhani lini?"

"Lete na wewe maiti yako," Azzan alimjibu, "maana inanuka mpaka Buterere."

Shimo likakamilika. Ijumaa ya kwanza Daphrose alikuja kuchota maji ya chumba cha tatu. Azzan alisimama karibu, kifua mbele. Daphrose aliinua chupa. Maji yalikuwa ya kijivu, mazito kidogo, na rangi zile za kuchezacheza zilikuwamo.

"Apana," alisema. "Mafuta imepita."

"Haiwezekani! Shimo ni sawa, Ildephonse alipima mwenyewe!"

"Shimo ni sawa. Ulisafisha sakafu na nini?"

"Na maji ya moto na sabuni. Na nini tena?"

Daphrose alishika kiuno, akacheka mpaka akaegemea gari.

"Muzee we! Mama Zayd anaoshaka sahani ya mafuta na nini? Sabuni! Kwa nini? Kwa sababu sabuni inakata mafuta vipande vidogo vidogo sana, inavichanganya na maji. Ikikatwa hivyo haipandi tena juu. Inapita na maji chini ya ukuta, salama kabisa, mpaka kwangu."

"Sasa bila sabuni itakuwa safi namna gani?"

"Kavu. Mwaga unga wa mbao wa maseremala, ngoja unywe mafuta, fagia, tia katika pipa. Kisha maji kidogo, baridi."

Tulifanya hivyo. Sakafu ilikuwa safi. Lakini haikung'aa. Ilikuwa ya kijivu tu, kama saruji yoyote ya Mungu. Ninyi mnaosoma mtasema hilo si kitu. Hamkumwona Azzan. Alisimama mlangoni na kanzu yake, anatazama ile sakafu kama mtu aliyenyolewa vibaya siku ya Idi.

"Watu watasema nimechakaa," aliniambia.

"Watu watasema. Vidudu vitapumua."

Akaenda kuswali. Na baada ya swala, nje ya msikiti, akawashika mikono wenye gereji wa mtaa mmoja mmoja. Aliwajaza katika pikapu ya mteja, akawapeleka Buterere. Massoudi pia alikwenda, anatania njia nzima. Walipokuwa wanarudi, kila mmoja aliuliza bei ya Ildephonse. Juma lile lile Ildephonse alikuwa na kazi nyumba kwa nyumba. Massoudi akachimba, lakini akisema kwamba anachimba kwa sababu tu udongo wake ni laini.

Daphrose alitupa siku ya kupima kwa mara ya mwisho. Ikiwa maji ni mazuri, gereji inapata kibali. Ikiwa mabaya, mwezi umekwisha na bomba linafungwa.

*

Siku ile haikufika. Vita vilifika kwanza.

Alfajiri tulisikia milio ya bunduki upande wa kaskazini. Asubuhi watu wa Buterere walianza kuingia mjini na magodoro kichwani, na kuku, na wazee mgongoni. Njia ikafungwa. Niliuliza kila niliyempa maji: kituo je? Wafanyakazi je? Mama mmoja aliniambia wote wamekimbia, hakuna aliyebaki. Kuhusu Daphrose hakuna aliyejua kitu.

Siku zikapita. Lori la mafuta halikupita. Mapipa yetu yakajaa mpaka juu, na chumba cha pili cha shimo kikajaa pia. Magari hayakuacha kuja, maana wakati wa hatari ndio kila mtu anataka gari lake liwake. Halafu ikafika Ijumaa.

Massoudi aliingia uwanjani kwetu. Safari hii hakuwa anatania.

"Azzan, pipa zangu zimejaa. Zako zimejaa. Tumwage. Nani atakuja kupima? Kule kituoni hakuna mutu. Hata sheria imekimbia."

Mafundi waliacha kazi, wakamtazama Azzan. Na mimi nilimtazama. Nasema kweli, nilitaka amwage. Nilikuwa na watoto wa kuwaficha na wageni wa Buterere wamelala sebuleni. Nani alikuwa na nafasi ya kufikiria vidudu?

Azzan alikuwa anapangusa mikono kwa tambara.

"Watu wamekimbia," alisema. "Vidudu vimebaki. Vinafanya kazi peke yao, na hakuna mutu wa kuchota mafuta kwa ndoo. Tukimwaga leo, nani atavisaidia?"

Kisha akanigeukia. "Mama Zayd, nipe madumu."

Nikampa madumu. Yakajaa. Nikampa ndoo. Zikajaa.

"Nipe na sufuria."

"Sufuria gani?"

"Ile kubwa. Ya pilau."

"Ati nini? Azzan, una wazimu! Sufuria ya mama yangu! Utatia vidanje ndani ya sufuria ya arusi?"

"Nura," alisema. Hakusema Mama Zayd. "Uliona wale ndege."

Niliwaona. Wallahi niliwaona. Nikaenda jikoni huku natukana, nikaileta, na nikageuka nisione akimimina. Massoudi alitazama ile sufuria ya pilau imejaa mafuta meusi mpaka ukingoni. Akarudi kwake. Baada ya kitambo tukamsikia anamwambia mke wake atoe madumu, na mke wake anapiga kelele kuliko mimi. Kelele zikaenda nyumba kwa nyumba, mpaka mwisho wa mtaa. Ijumaa ile hakuna tundu lililokunywa mafuta Buyenzi kwetu.

Milio ilinyamaza. Njia ilifunguliwa. Na asubuhi moja Azzan akiwa chini ya gari, nikaona mabuti ya mpira yenye matope yanaingia langoni.

Alikuwa Daphrose. Amekonda, macho mekundu. Nilimkumbatia kabla hajasalimia. Hakukaa. Alikwenda moja kwa moja kwenye chumba cha tatu, akachota, akainua chupa juani. Maji yalikuwa maji. Akatoa karatasi mfukoni, akapiga mhuri juu ya boneti ya gari.

"Kibali yako, muzee. Gereji inabaki wazi."

Azzan alikuwa ametoka chini ya gari. Hakutazama karatasi.

"Vidudu viko?" akauliza.

Daphrose alifunga chupa yake.

"Tulikimbia wote," alisema. "Hakuna mutu hata moja alibaki. Nimerudi leo asubuhi, nilijua nitakuta bwawa imekufa. Ijumaa imepita, nikasema basi, imekwisha. Nikapanda ukingo. Bwawa ya kwanza ina mapovu yake. Bwawa ya pili kijani kabisa. Ya tatu, ndege hata mahali pa kukanyaga hakuna. Na maji inatoka, muzee. Inatoka safi, inaenda ziwani, siku zote zile, na hakuna mutu alikuwa pale."

Machozi yalikuwa yanamtoka, na hakuyapangusa kwa sababu ya glavu. Azzan alikaa juu ya tairi. Alinipa mimi ile karatasi bila kuisoma, kama kitu cha kushikiwa tu.

"Sema tena," alimwambia Daphrose. "Pale kwenye ndege. Sema tena."

Na Daphrose akakaa juu ya tairi la pili, akamwambia tena.